Niliwapima "personality" akina mama wa pilau, nusura kikundi kife

Wakuu, naanza na ujinga wangu ili msinitukane kwa awamu: nilimwambia Mama Shabani, mtu mzima mwenye mwiko mkononi, kwamba yeye ni choleric.

Sijaongeza chumvi. Mikono bado inanuka masizi.

Nipo form five, likizo, home Nzuguni. Bi mkubwa ana kikundi cha kupika shughuli, wako watatu. Sasa Mama Shabani (mfokaji) na ma'mdogo Asha (mpole, taratibu) hawasemeshani tangu Idi. Mmoja akitaka chumvi, anamtuma mama!

Mama akasema shughuli ijayo ikiharibika, kikundi basi.

Mimi si nilisikia mambo ya personality types shuleni? Nikajiona mshauri. Nikawauliza maswali, nikatangaza: Mama Shabani choleric, kiongozi. Ma'mdogo phlegmatic, mtulivu. Mkijijua hivi, teamwork itanyooka.

Wakuu, watu wazima wanachosha!

Siku ya harusi ya jirani, Mama Shabani kakalia kiti cha plastiki, vitunguu vinamtazama.

"Choleric hamenyi. Anaelekeza."

Ma'mdogo anachambua mchele punje moja moja. Nikamwambia, shikamoo ma'mdogo, watu wanafika.

"Marahaba. Phlegmatic hakimbizwi, mwanangu. Si ulisema mwenyewe?"

Yaani nimewapa dawa, wao wameifanya ED, ile ruhusa ya wagonjwa shuleni, ya kukwepa kazi!

Mama akawa anamenya peke yake, nyama iko jikoni. Supu ikakauka. Harufu ya kuungua ikatupiga.

Mama Shabani akaruka. "Asha, maji!"

Phlegmatic huyo, mbio na ndoo. "Toa kuni upande wako, Mama Shabani!"

Nyama ikapona. Halafu wakanigeukia. Wote wawili.

"Huyu mtoto katutia ujinga."

"Katutia, shoga yangu."

Shoga yangu! Tangu Idi!

Nilichojifunza: aina ya mtu ni ya kukusaidia wewe ujue umwingie vipi, siyo kumpa yeye cheo cha kukalia. Mama Shabani ungemwomba tu akuoneshe jinsi vitunguu vinavyokatwa, angemaliza gunia.

Nyie mnaopimwa hivi maofisini, inasaidia au mnagawiana ED tu? Mwagikeni hapa.

Jioni nikamwambia mama anishukuru, nimewapatanisha. Akanisogezea steelwire ya kusugulia.

"Baba, tangu Idi hawajakubaliana kitu hata kimoja. Leo wamekubaliana: masufuria yote ni yako."