Kwa Mwanamkuu, bukta hujaribiwa kwa kukimbia

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu wa Mlima Meru bado umeikalia Sakina, Arusha, na mwanamume mmoja mwenye kitambi cha heshima anatimua mbio kandokando ya barabara ya Nairobi. Amevaa bukta mpya yenye pini kiunoni. Dereva wa basi la Namanga anampigia honi. Mwanamume anafika kwa mziba pancha, anageuka, anarudi akihema.

"Inabana wapi?" anauliza mwanamke aliyesimama mlangoni, tepu ya kupimia shingoni.

"Haibani, mama. Ila inapanda."

"Inapanda hadi wapi? Sema usione haya, mimi ni fundi."

Mwanamume anaonyesha pajani. Mwanamkuu Khalfani anapiga chaki palepale, anamwambia akavue, arudi Alhamisi.

Huo ndio utaratibu wa hapa. Hakuna anayeondoka na nguo ya mazoezi kabla hajakimbia nayo hadi kwa mziba pancha na kurudi. Wenye aibu huambiwa waje mapema zaidi, watu hawajajaa. Wenye haraka huambiwa waende mtumbani, huko hakuna wa kuwasumbua.

Mwanamkuu, 61, ni binti wa fundi kanzu aliyetoka Pangani akaja kutafuta maisha Arusha. Cherehani ameikuta nyumbani. Bukta ameletewa na ndoa.

Mumewe, Hatibu, 67, mzaliwa wa Kondoa, alikuwa mkimbiaji. Ni mmoja wa vijana walioanzisha kikundi cha wakimbiaji cha Kimandolu, enzi ambazo raba moja ilivaliwa na ndugu wawili kwa zamu. Harusi ilikuwa bado inanukia udi Mwanamkuu alipochukua shuka la pamba la bluu, zawadi ya shangazi, akamkatia mumewe bukta na singlendi.

"Shangazi alininunia mwaka mzima," anasema akicheka. "Lakini wenzake Hatibu walipoiona, kila mmoja akataka ya kwake. Ndiyo nikawa fundi wa kikundi mpaka leo."

Hatibu, ambaye siku hizi humsaidia kupiga pasi dukani, anaikumbuka bluu ile kwa sauti ya mtu anayemkumbuka rafiki. Anasema walipopita kwenye migomba na kahawa huko juu, watoto waliacha kuchuma, wakawakimbilia wakipiga kelele, "Kimandolu hao! Kimandolu hao!"

"Nguo ilikuwa nguo, bwana. Ukiivaa, mtaa mzima unajua wewe ni nani," anasema. "Jumapili jioni kamba yote ya uani ilikuwa bluu tupu. Watu walidhani tuna shule."

Sasa hiyo "mpaka leo" ya Mwanamkuu ndiyo iliyokuwa mashakani wiki ambayo mwandishi wa makala haya alimtembelea.

Kiongozi wa kikundi, Sadoki Sumari, alikuwa amemjia na ujumbe. Vijana wamechoka na pamba. Wanataka nguo za kisasa, na kuna duka mjini liko tayari kuwaagizia kutoka nje. Ila kwa heshima ya miaka yote, wamempa mama nafasi: ashone seti moja ya kisasa, mkimbiaji mmoja aijaribu kwenye mbio ndefu za Jumamosi. Ikifaa, atashona za wote. Isipofaa, wanakwenda dukani.

"Sadoki alikuja na kilo ya sukari," anasema Mwanamkuu. "Nikajua tu, huyu ana jambo zito. Alipoondoka nikalia, nisikudanganye. Si kwa ajili ya biashara. Wale ni watoto wangu, nawavisha mimi."

Biashara yenyewe haimnenepeshi mtu. Bukta yake ni shilingi elfu kumi na tano, wakati mtumbani mtu anapata ya elfu tatu na nembo kubwa juu yake. Kinachomweka mjini ni sare za shule na magauni ya kipaimara. Nguo za mazoezi, anasema, ni mapenzi.

Na wanaotaka nguo hizo wamebadilika. Zamani mtu alitaka bukta isiyochanika, basi. Siku hizi kila anayeingia ana lake. Vijana wanataka mfuko wa simu usiorukaruka. Kauthar, binti wa jirani, anataka mikono mirefu na mtandio mwepesi ambao upepo hauuondoi kichwani. Akina mama wanaotembea jioni wanataka taiti zenye sketi fupi juu, ili wakipitia sokoni wasitazamwe.

"Na wapo ambao hawakimbii kabisa," anaongeza, akishusha sauti. "Anataka avae, apigwe picha, akale nyama choma. Naye namshonea. Ila hadi kwa mziba pancha atakimbia!"

Wote hao, anasema, wanakubaliana jambo moja: kitambaa kiwe chepesi, kinachovutika, kinachokausha jasho upesi. Na kitambaa hicho ndicho kilichomtoa jasho yeye.

Kitambaa cha kuvutika huvutika zaidi upande mmoja, na upande huo ndio unaotakiwa kuzunguka kiuno na mapaja. Mwanamkuu, mtoto wa nyumba ya khanga, alikilaza mezani kama anavyolaza khanga, kwa namna ambayo hakipotei hata kipande, akakata. Machoni ilipendeza sana.

Aliyechaguliwa kuijaribu ni Elinipa, 22, binti wa mkulima wa kahawa wa mlimani, mkimbiaji mwenye kasi kuliko wote kikundini. Aliivaa nyuma ya pazia kwa shida, akatoka akitembea kama kuku aliyefungwa miguu.

"Mama, kiunoni inakataa, chini inavutika hadi kisiginoni," alisema. "Hii tumpe twiga."

Hatibu alicheka mpaka akaweka pasi chini. Mwanamkuu hakucheka siku hiyo. Alinunua kitambaa kingine, akamsimamisha Elinipa mguu mmoja juu ya stuli, akampima upya akiwa amekunja goti, kama anavyokuwa akikimbia. Mishono ya ndani ya mapaja akaihamisha pembeni. Akashona, akafumua, akashona tena.

Jumamosi ilipofika, wanakikundi walipanda gari hadi Oldonyo Sambu, wakashuka, wakaanza kukimbia kurudi mjini. Mbio hizo huishia kwa Mwanamkuu, ambako wakimbiaji hungojewa na birika la chai ya tangawizi. Safari hii chai ilichemka mara mbili kabla ya wakati. Fundi alikuwa akitoka nje, akitazama barabara, akiingia, akitoka tena.

Elinipa alitangulia kufika, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Enhe?"

"Enhe nini?"

"Nguo, jamani!"

Elinipa alijitazama mwilini. "Aah! Nilisahau kama nimeivaa."

Mwanamkuu akabaki kashika kikombe. "Umesahau? Wiki nzima nashona, wewe unasahau?"

"Mama, ndicho tunachokitaka," Elinipa alisema taratibu. "Isinikumbushe kama ipo. Nikimbie tu."

Sadoki, aliyekuwa amewasili akichechemea, hakuhitaji kuuliza zaidi. "Basi mama, shona za wote. Dukani hatuendi."

Vijana wakapiga makofi. Mwanamkuu hakushangilia. Aligeuka kumtazama mumewe.

"Baba Najim. Zile za kwangu, za bluu. Uliwahi kuzisahau mwilini?"

Hatibu akaisogeza pasi, akairudisha pale pale. "Hata siku moja, mama Najim."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa zinanichuna mapaja. Ikinyesha ndiyo kabisa, damu. Nilikuwa najipaka mafuta ya mgando huko uani, usinione."

"Miaka yote hiyo unaniambia nzuri!"

"Ulikuwa umezishona wewe," alisema Hatibu. "Kila ziliponichuna nilikukumbuka. Sasa ningelalamika nini?"

Mwanamkuu alijifuta macho kwa upindo wa khanga, akasonya, kisha kicheko kikamponyoka. "Mwongo mkubwa wewe!" akasema, huku akivua tepu shingoni. "Simama hapa. Mguu juu ya stuli."

"Mimi sikimbii siku hizi, bwana."

"Si umeambiwa hospitali utembee? Utatembea. Nyanyua mguu."

Seti za kikundi zimepangwa kuwa tayari kabla ya mbio zao zijazo, na baada ya hapo Mwanamkuu anataka kuwafundisha mabinti wawili wa Sakina kukata kitambaa hiki kisasa, wasije wakamvisha mtu nguo ya twiga. Lakini kazi ya seti hizo ataianza Jumatatu.

"Ya kwanza ni ya huyu," anasema, akimzungushia mumewe tepu pajani. "Na ole wake aniambie nzuri kabla hajaivaa."