Kikapu Kilichotupita

Mwezi uliopita nilirudi Kasulu, rafiki yangu, baada ya kuzurura kila basi liliponifikisha. Nilipanga chumba nyumba ya wageni karibu na soko. Jumamosi asubuhi, nikiwa barazani napuliza chai, mtoto alipita na kikapu kichwani, kimefunikwa jani la mgomba. Wivu wa zamani ukanirudia.

Nilikuwa darasa la nne, mwaka 2013 hivi, nikilelewa na bibi. Mtaa wetu ulikuwa na kikapu kimoja cha kusaidiana. Kila Jumamosi kilianzia nyumba ya juu kabisa, kikashuka mlango kwa mlango hadi kwa mwenye shida. Kila nyumba iliinua ukingo wa jani na kupenyeza mkono bila kuchungulia, asije akajulikana aliyetoa kidogo. Nesi aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali alitia chumvi. Mama wa Kikongo, muuza sabuni kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alitia kipande. Asiye na kitu alichota maji akajaza pipa la mgonjwa, na hiyo nayo ilihesabika.

Mwaka ule kikapu kiliishia kwa binti wa darasa langu, ambaye mama yake alikuwa kitandani tangu masika. Nilimwonea wivu hadi usingizi ukanipaa. Sisi tulikula ugali wa muhogo na maharage. Yeye alipata dagaa, mawese, hata sukari.

"Kwetu kitaishia lini?" nilimuuliza bibi.

"Mshukuru Mungu kinapita," alijibu.

Jumamosi moja bibi alishusha ndizi zilizovundikwa darini juu ya jiko, ndizi nilizokuwa nikizinusa wiki nzima, akazisukumia zote chini ya jani. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya mgonjwa, nikatumwa kukipeleka. Yule binti alifunua, akanusa, akacheka.

"Hizi za kwenu, zinanuka moshi wenu. Mbona unazikodolea hivyo, zimekukosea nini?"

"Mpe moja, mwanangu," mama yake alisema kutoka ndani. "Amebeba mzigo."

Akanimenyea. Nikala ndizi yetu wenyewe, tena ya kupewa, nimesimama mlangoni kwa watu. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Bibi alifariki, shule nikaiacha, miguu ikanichukua. Juzi nilipanda mtaani. Palipokuwa na nyumba yetu pamelimwa mihogo. Yule binti sasa ni mama wa watu, anakaa nyumba ya juu kabisa, na kikapu kinaanzia kwake. Nilimuuliza kama nami naweza kutia kitu.

"Tia tu," alisema, "ila hiki kinapita kwa wenye milango, wewe mzururaji. Jenga, nawe utapitiwa."

Nilipenyeza kilo ya sukari chini ya jani. Kisha nikasimama njiani nikitazama kikishuka: hodi, karibu, mkono unatoka, unaingia. Niliionea wivu ile milango, mmoja mmoja, mpaka bondeni.