Macho ya Mama kwenye Jani la Mgomba

Picha pekee ya mama niliyonayo ni ile ya kadi ya kupigia kura, na humo amefumba macho. Mwanga wa kamera ulimshtua. Siku ile nyumbani tulicheka sana, tukasema mama kaenda kujiandikisha akiwa usingizini. Sasa hayupo. Kadi ninayo, na bado amefumba.

Macho yake yakiwa wazi yalichorwa mara moja tu, na mzee mmoja wa Kihindi pale Bukoba mjini.

Mzee yule alizaliwa Bukoba, na Kihaya alikijua kunishinda. Kila Jumamosi mama alimpelekea ndizi kutoka kwetu Muleba, nami nilimfuata kwa sababu ya harufu ya zile rangi. Kuchora alianzia kwa bibi yake: mistari myembamba, rangi kali, macho marefu kama samaki, na kivuli hakuna. Baadaye akaenda kusoma Ulaya, akafundishwa rangi za mafuta, na jinsi mwanga unavyoingia upande huu na kivuli kikalala upande ule.

"Bibi alinifundisha watu, chuo kikanifundisha jua," alituambia. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini hilo nililielewa.

Siku moja akamwomba mama akae amchore. Turubai lake la kuchorea lilikuwa kubwa kama mlango, na juu yake watu wameketi chini, wamezunguka jani moja la mgomba lililojaa chakula. Palikuwa na padri Mzungu, mvuvi wa Kemondo, na mwanamke mzee aliyevaa sari.

"Huyu wa sari ni nani?" mama akauliza.

"Bibi yangu."

"Mbona anakula kwenye jani kama Muhaya?"

"Kwao ni hivyo hivyo, waitu," akamjibu kwa adabu ya Kihaya. "Sherehe bila jani si sherehe."

"Kumbe. Na miaka yote hiyo madukani kwenu mnatuuzia sisi sahani."

Mzee alicheka mpaka akaweka brashi chini.

Alimchora mama akimpa yule bibi ndizi, viganja vyao vimekutana. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: macho ya mama akayarudia kwa kila mtu. Nikamwuliza kama amechoka kubuni mengine.

"Bibi yangu aliwapa watu wote jicho moja, la kubuni," akasema. "Mimi nimetaka hilo jicho moja liwe la mtu kweli, lenye mwanga na kivuli chake. Ukiwatazama hawa, utamchukia yupi?"

"Padri umemwonea," mama akasema. "Macho yangu yameona mengi."

Mwaka uliofuata mama alifariki. Haukupita muda nikasikia bintiye mzee amemwita akaishi naye ng'ambo. Nikapanda gari mpaka Bukoba. Simu yangu wakati ule ilikuwa kitochi, haipigi picha. Nilimkuta ameshalitoa turubai kwenye fremu, limelala sakafuni. Hakuniuliza nimefuata nini. Alifungua droo akanipa mkasi.

"Mkate mama yako, binti. Ni wako."

Nilipiga magoti pale na mkasi mkononi. Nikikata kwenye kiwiko, bibi wa watu atabaki ameshika mkono usio na mwenyewe. Nikikata kwenye kiganja, mama atabaki akimnyooshea ndizi mtu asiyekuwepo. Nilizunguka lile jani mara tatu nikitafuta pa kupitisha mkasi, mpaka mzee akatoka nje kuniachia nafasi.

Aliporudi nikamrudishia mkasi wake. "Nenda nao wote," nikamwambia. "Wanakula."

Tulilikunja pamoja, tukaanzia upande wa padri. Mama alikuwa wa mwisho.

Siku hizi napaka mabango na kuta za saluni, Muleba mpaka Kemondo. Kila mwanamke ninayemchora namtafutia macho yale. Mstari naupata, kile kivuli kidogo chini ya kope bado kinanishinda, nakifuta na kukirudia mpaka rangi inakuwa nzito. Wiki iliyopita mwenye saluni mmoja alisimama mbele ya ukuta wake, mikono kiunoni.

"Dada, umemchora vizuri. Ila mbona ananiangalia kama anauliza nimekula?"

Nikamwambia amjibu tu.