Ua la Kochi

Siku Bosire alipomwona mara ya kwanza, mama jirani aliyehamia karibuni kijijini Sironga alikuwa barazani akichora maua kwenye karatasi ya miraba, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Alibuni vielelezo vya vitambaa vya makochi, na jarida la ufumaji lilikuwa limemrudishia kimoja likisema wasomaji wangepotea wakijaribu kukifuata. Mama huyo hakulalamika. Alimwita Bosire, baba yake Linda, mchuma chai asiyewahi kushika sindano ya kufumia, akampa sindano, uzi na kielelezo hicho afume bila kuelekezwa. Kila Bosire alipokwama, mama alifuta miraba akachora upya, mpaka ua zima likachanua katika vile vidole vigumu. Mama alikituma tena kielelezo, na toleo lililofuata la jarida lilikuwa na ua hilo kwenye jalada. Mama alikuja nalo shambani, akalipunga juu ya michai huku akicheka: "Wamekubali, Baba Linda. Osha mikono, sasa tunaanza kitambaa cha meza."