Maparachichi ya Mdogo Wangu

Mimi ni mzee wa kanisa. Nimechaguliwa mara tatu, na sijawahi kusikia mtu akinilalamikia mbele yangu, jambo ambalo siku hizi linanitia shaka. Kwetu, kijiji cha juu ya Lukozi, mzee wa kanisa ndiye anayepaswa kujua nani anaishi na nani. Mwaka ule, aliyekuwa akiishi na mume wa mtu alikuwa mdogo wangu, wa tumbo moja.

Mwanamume alikuwa mpakiaji wa kabichi kwenye malori yanayoteremka Mombo. Mkewe tulikuwa tukikaa naye benchi moja kwenye kwaya ya akina mama. Kwa hiyo mtu asiniambie lilikuwa jambo dogo. Nilimwona yule mama akiimba huku machozi yakimtoka. Nikaenda mwenyewe kwenye baraza la wazee, nikalitaja jina la mdogo wangu kwa mdomo wangu. Wote wawili wakatengwa na Meza ya Bwana, wasishiriki mkate wala kikombe.

Sikumchukia. Siku ileile nilikwenda kwake, nikasimama mlangoni nikamwambia, "Nakupenda. Dhambi yako ndiyo siipendi."

Akacheka kidogo. "Sawa, dada. Siku ukija umeiacha hiyo dhambi yangu nyumbani kwako, tutaongea."

Nikaona ni kiburi. Nikaendelea kumpenda kwa bidii. Kila Jumapili baada ya ibada niliteremka kwake na bakuli la bluu: maharage, siku nyingine ndizi kwa nyama. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, nikakaa ukingoni mwa kiti, nikamsomea mstari mmoja wa Biblia, nikaondoka. Haikupita miezi mingi mwanamume akarudi kwa mkewe. Akasimama mbele ya usharika na shati lililopigwa pasi, akasema amekosa, akarudishiwa kikombe. Hata ubeti mmoja wa wimbo ni mrefu kuliko toba ile. Mdogo wangu hakuja kusimama. Nikasema ni ukaidi. Kumbe alikwisha kuanza kutokwa damu isiyokatika, na aliogopa nguo isije ikalowa mbele ya watu. Hakuniambia, na mimi sikuuliza.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu, utatia mahindi mawili. Mdogo wangu alinirudishia bakuli langu kila wiki likiwa na magimbi, au mapera, na mara nyingi maparachichi ya mti wa nyuma ya jiko lake, mti alioupanda marehemu mama. Nilipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Nikifika nyumbani, kabla sijaingia ndani, nampa nguruwe. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtu aliyetengwa usile naye, na kwa hesabu zangu kula kilichotoka mkononi mwake ni kula naye. Kumpa changu ni upendo, kula chake ni kukubaliana naye. Niliona nimelipanga vizuri sana jambo hilo. Nguruwe wetu akanenepa kwa mkono wa mdogo wangu.

Alipokwenda hospitali, wakasema ni saratani ya kizazi na kwamba amechelewa. Akarudi nyumbani. Akakonda mpaka khanga ikawa inamzunguka mara mbili. Jumapili moja nilipomaliza kusoma mstari wangu akanishika mkono. "Dada, nisemee kwa mchungaji aje na Meza hapa nyumbani. Kilima cha kanisani sikiwezi tena. Nataka nile kabla sijaenda." Tangu tukiwa watoto alikuwa hajaniomba kitu.

Baraza likakaa. Mchungaji alikuwa tayari. Akanigeukia. "Mzee, huyu ni mdogo wako. Ukisema ametubu, kesho nakwenda."

Ningesema neno moja tu. Lakini niliwatazama wenzangu, nikawaza watakavyosema njiani kwamba mzee anawakemea wa wenzake na kuwabeba wa kwake. Nikasema, "Asije mtu akadhani tunapendelea. Akipata nafuu atasimama mbele kama wengine." Wenzangu wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Naona aibu kusema kwamba heshima ile ilinifurahisha.

Jumapili iliyofuata aliniuliza, "Wamesemaje?"

"Wamesema upate nafuu kwanza."

Wamesema. Mzee mzima nikajificha nyuma ya neno hilo.

Hakulia. Alimwomba jirani aniwekee maparachichi matatu kwenye bakuli, magumu bado. "Yafunge kwenye gazeti. Jumapili ijayo yatakuwa yameiva." Nilipofika mlangoni akaongeza, taratibu, bila hasira, "Halafu dada, safari hii usimpe nguruwe."

Akafa Alhamisi.

Kengele haikupigwa, maana alikufa akiwa ametengwa. Mchungaji alikuja bila kanzu, akakaa kwenye benchi na majirani kama mfiwa yeyote. Tulipokuwa tunangoja jeneza nikaambiwa aliyemwosha ni yule mama, mke wa mpakiaji wa kabichi. Nikamfuata kule nyuma ya jiko, chini ya mti wa mama, nikamwuliza imekuwaje.

"Alikuja kwangu kabla ya Kwaresma," akasema. "Akapiga magoti jikoni. Nililia nikamtukana, kisha nikamsamehe, tukala ugali. Tangu hapo nilikuwa nakuja kumfulia. Hakukwambia?"

"Hapana."

"Nawe hukumwuliza?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli, maana alijua nakuja kila wiki.

Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo kaburini.

Vijana wa kipaimara hupenda kuniuliza kama kukemea dhambi ni kuhukumu. Huwa nawaambia kosa ni kosa, na bado naamini hivyo. Yule mama aliumizwa, na mdogo wangu ndiye aliyemuumiza. Lakini aliyeumizwa alikwisha kukaa na mkosaji wake wakala ugali. Mimi, ambaye sikukosewa chochote, ndiye niliyekuwa bado nasimama mlangoni.

Jumapili ile, baada ya mazishi, ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Nilivaa, nikachukua kitabu cha nyimbo, kisha nikalifungua gazeti. Yalikuwa yameiva. Kengele ya pili ikalia nikiwa nimekaa jikoni na kisu na chumvi. Nikala yote matatu, machozi yananidondokea mikononi, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kula na mdogo wangu tangu atengwe.