Wakfu Haugawanywi

Wifi yangu Salha hakuwahi kutafuta cheo. Aliachika mapema, akarudi Likoni kwa baba yake bila mtoto, akapewa kisima akitunze. Kisima hicho ni wakfu: babu yake alikichimba akakitoa kwa ajili ya Mungu, kila jirani ateke, awe Muislamu au asiwe. Tangu hapo Salha ndiye aliyeweka kanuni, ndiye aliyelinda mlango, na watu walipogombana ndiye aliyekata shauri. Halipwi kitu. Magoti yake yameishia kwenye saruji ya kisima kile, na jina jema la ukoo wetu limesimama juu ya magoti hayo.

Ndiyo maana niliumia siku alipomfukuza Nyevu.

Nyevu ni jirani yetu, hufua nguo za watu kwa ujira, na mifereji ikikauka hana pengine pa kuteka. Kanuni ya Salha ni kwamba hakuna kufua ukingoni mwa kisima. Asubuhi hiyo alikuta povu pale, na Nyevu kasimama na ndoo.

"Kuanzia leo huteki hapa."

"Sikufua, Bi Salha. Ndoo ilikuwa na sabuni, ikamwagika."

"Umefua."

"Basi kesi yangu niipeleke kwa nani?"

"Kwangu."

"Kwako, nawe ndiye unayenishtaki? Wee! Kesi ya kuku, hakimu mwewe!"

Wanawake kwenye foleni wakacheka. Kufikia adhuhuri, nyumba yetu ilikuwa imeshapata jina: kwa mwewe.

Nilifundisha sekondari mpaka nikastaafu. Kila mwaka niliwaeleza vijana habari za wanafalsafa wa Ulaya wa Zama za Mwangaza: kwamba anayetunga sheria asiwe yeye anayeitekeleza, wala asiwe yeye anayehukumu, kwa kuwa hata mtu mwema akiyakusanya yote matatu mkononi huishia kudhulumu. Darasani ilikuwa rahisi. Wafalme wa Ulaya si mawifi.

Jioni nilikwenda kwake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mwanatatu. Karibu."

"Naona tugawanye mamlaka ya kisima."

Akaweka kikombe chini. "Tugawanye? Wakfu haugawanywi! Hauuzwi, haurithiwi! Juzi tu tumemzika ndugu yangu, nawe wataka fungu?" Akamwita mdogo wake aliyekuwa barazani. "Ismail! Njoo usikie! Mjane wa marehemu ataka kurithi kisima!"

Nilikuwa nimekosea neno. Katika nyumba ile kugawanya ni mirathi, basi. Ismail akasimama mlangoni akiniangalia kama mwizi, mimi niliyelilinda jina lao tangu siku niliyoolewa. Sikukasirika. Nilichoka tu.

"Sitaki mtu agawe kisima, dada. Kanuni zibaki zako, mlango ubaki wako. Kesi tu, aikate mtu mwingine."

"Nani?"

"Mzee Tsofa."

"Tsofa wa kanisani? Ahukumu wakfu?"

"Hahukumu wakfu. Anahukumu ndoo."

Ismail akaangua kicheko. Salha hakucheka, lakini hakukataa.

Asubuhi Mzee Tsofa, jirani yetu wa nyumba ya nyuma, alikuja na kofia mkononi. Aliwasikiliza Salha na Nyevu mbele ya foleni, kisha akauliza jambo moja.

"Bi Salha, ulimwona akifua?"

"Niliona povu."

"Akifua, ulimwona?"

Salha alikuwa mlangoni, na hapakuwa na askari wa kumwondoa. Angekataa kuhukumiwa, nani angemlazimisha? Nilitazama chini, nisione aibu ya ukoo wetu ikianikwa mbele ya majirani.

"Sikumwona," akasema.

"Basi ateke."

Salha akasogea kando, taratibu, mkono kiunoni. Nyevu akapita bila kumtazama, akashusha ndoo yake.

Tangu siku hiyo Salha huniita mwalimu, na kinywani mwake neno hilo si sifa. Mimi huitika abee, nikamshikia kamba ya kisima anapochoka.