Hesabu ya Mwanaesha

Bi Swafia wa Mji wa Kale hakuumbiwa kukaa ndani. Tangu ujana wake alikuwa mguu na njia: leo arusini Kibokoni, kesho matangani Makupa, na akirudi ana habari za mji mzima. Basi mumewe, Mzee Jamaldin, alipofariki na yeye kuingia eda, nyumba ilimkaba koo. Miezi minne na siku kumi za nguo nyeupe, bila wanja wala udi, na kizingiti hakivukwi ila kwa dharura kama ya daktari. Alizijua nyufa za dari zote.

Siku ya khitma, wifi yake Mwanakhamis alisema atamwekea hesabu ya siku, kama alivyowahesabia wajane wa nusu ya mtaa. Bi Swafia, na msiba wake wote ule, hakuweza kujizuia kujisifu. Alijibu mbele ya wanawake kwamba hesabu anayo nyumbani, mjukuu wake Mwanaesha ni skauti, na skauti hakosei. Mwanakhamis alinuna, akajifunga buibui lake akaenda zake. Mwanaesha, binti wa miaka kumi na sita, akachukua kalamu nyekundu na kuizungushia Jumatatu moja kwenye kalenda ya ukutani.

Uskauti wenyewe ulikuwa vita vya Bi Swafia. Ukoo ulipopiga kelele kwamba mtoto wa kike halali kwenye mahema, yeye ndiye aliyeshona sare yenye mikono mirefu na suruali pana, akawaambia mwenye neno aje amwambie yeye. Mwanaesha akaongoza wenzake miezi sita kupanda mikoko nyuma ya Makupa, akatunukiwa nishani ya juu. Na kwa desturi ya kikosi chao, nishani huvishwa na mkono uliomlea skauti, na huo ulikuwa mkono wa Bi Swafia.

Sherehe ikapangwa Jumamosi, siku mbili tu kabla ya ile Jumatatu. Mwanaesha alilia, akamwomba mwalimu wa skauti aisogeze mbele, ikashindikana. Bi Swafia alimtuliza, akamwambia sheria ya Mungu haipunguzwi hata siku moja, kisha akajifungia chumbani akalia peke yake.

Jumamosi hiyo hakula. Jioni Mwanaesha alimwonyesha sherehe kwenye simu. Mwalimu Everlyne ndiye aliyemvisha nishani, na kando yao kulikuwa na kiti kitupu, ambacho mtoto alikataa kisikaliwe na mtu. Bi Swafia alifurahi hadi kifua kikamuuma, na wivu juu ya mikono ya yule mwalimu ukamuuma vilevile.

Jumapili alasiri Mwanakhamis alikuja kupatana, na leso mpya na udi wa kumtolea wifi yake eda. Aliuliza kesho waanze saa ngapi, halafu akatazama kalenda. Akaanza kuhesabu kwa vidole, mwezi baada ya mwezi, akarudia tena.

"Wifi," alisema polepole, "eda haihesabiwi kwa kalenda ya ukutani, yahesabiwa kwa mwezi mwandamo, nao ni mfupi. Wewe ushatoka tangu Alkhamisi."

Bi Swafia aliigeukia kalenda. Alkhamisi. Jumamosi alikuwa huru, na mlango haukuwa umefungwa na yeyote ila hesabu ya mtoto na majivuno yake mwenyewe. Jikoni Mwanaesha alikuwa akipanga vikombe huku akiimba.

"Asijue," Bi Swafia alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba, wifi. Asijue maisha yake yote."

Mwanakhamis alikuwa na miezi minne akilisubiri neno la kumrudishia. Alimtazama mwenzake, akairudisha leso mkobani, ingoje Jumatatu.

Mwanaesha aliingia na sinia ya chai, nishani kifuani, akamwamkia Mwanakhamis kwa adabu. Alipopita kwenye kalenda aliigusa ile duara nyekundu.

"Kesho, Bibi. Nilikwambia n'tahesabu, na sikukosea hata siku moja."

"Hukukosea, mwanangu," alisema Bi Swafia, akaketi palepale na nguo zake nyeupe.